Mashine, Kipimo na Ushirikiano wa Kliniki

Katika masomo ya siasa na uchumi wanafunzi wetu hutuuliza swali moja kwa namna nyingi: je, nchi isiyo na mashine inaweza kushirikiana na nchi yenye mashine, au haina budi kubaki inapokea tu? Huliuliza kuhusu viwanda, kuhusu kilimo na kuhusu hospitali. Katika makala haya tumechagua kulichambua kwa kutumia eneo ambalo makada wengi hawalifahamu, nalo ni utengamao wa watu walioumia ubongo, uti wa mgongo au neva. Tumelichagua kwa makusudi. Hapa mashine ni za bei kubwa mno, tofauti baina ya nchi na nchi ni kubwa mno, na hata hivyo kazi iliyokwisha fanywa kwa pamoja na kliniki mbalimbali imeandikwa, ikiwa na tarakimu ambazo kila mtu anaweza kuzichunguza.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Utengamao ni kazi yote inayofanywa ili mtu aliyepoteza uwezo wa kutembea, kushika, kusema au kujihudumia aurudishe uwezo huo. Na pale ambapo hauwezi kurudi, apate njia nyingine ya kuishi na kufanya kazi. Mtu aliyepatwa na kiharusi akiokolewa hospitalini, kazi hiyo ndiyo kwanza inaanza, nayo huchukua miezi, pengine miaka. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet yalionyesha kuwa mwaka 2019 watu wapatao bilioni 2.4 duniani walikuwa na maradhi au majeraha ya aina mbalimbali ambayo yangeweza kupata nafuu kwa utengamao. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya wanaouhitaji hawaupati, na kwamba nchi nyingi za namna hiyo hazifikishi wataalamu 10 wa fani hii kwa kila watu milioni moja. Kwa hiyo, mtu anapotuonyesha picha ya roboti inayomtembeza mgonjwa, hatuna budi kukumbuka kwamba nyuma ya picha hiyo kuna suala la mikono: ni mikono ya nani inayopatikana, na wagonjwa wangapi wanaingojea.

ASILI YA MASHINE

Mnamo mwaka 1911 Thomas Graham Brown, mtaalamu wa Uingereza, alionyesha kwa kutumia paka kwamba uti wa mgongo uliotengwa na ubongo unaweza wenyewe kutoa mwendo wa hatua. Jambo hilo lilipingana na mawazo ya wengi waliodhani kuwa uti wa mgongo ni kama waya wa simu tu, unaopitisha amri kutoka juu. Miaka mingi baadaye watafiti walithibitisha kwamba paka aliyekatwa uti wa mgongo anaweza kufundishwa tena kukanyaga, iwapo atawekwa juu ya mkanda unaozunguka na mwili wake kutegemezwa. Maana yake ni kwamba neva hujifunza kwa kurudia tendo lenyewe. Anayetaka kutembea hana budi atembezwe.

Katika miaka ya 1980 Hugues Barbeau na wenzake mjini Montréal waliipeleka fikra hiyo kwa binadamu. Mgonjwa huvishwa mikanda, huning'inizwa ili sehemu ya uzito wake ibebwe, kisha huwekwa juu ya mkanda wa kutembelea. Huko Ujerumani Anton Wernig alifanya kazi ya namna hiyo na watu walioumia uti wa mgongo. Mazoezi hayo yalileta matumaini makubwa, lakini tuangalie yalivyofanywa. Ili mgonjwa asiyejiweza apige hatua iliyo sahihi, mtaalamu mmoja huketi upande wa kushoto akiushika mguu, wa pili upande wa kulia, na mara nyingi wa tatu husimama nyuma akishika nyonga. Wanauinua mguu, wanautua, wanauinua tena, mamia ya mara, huku wameinama. Kinachokomesha zoezi mara nyingi ni migongo ya wataalamu, wakati mgonjwa mwenyewe bado angeweza kuendelea.

Hapo ndipo mashine ilipozaliwa. Mjini Zürich, katika hospitali ya Balgrist, mhandisi Gery Colombo na wenzake walitengeneza fremu inayofungwa kwenye miguu ya mgonjwa, yenye injini za umeme kwenye nyonga na magoti, nayo ikaichukua kazi ya wale wawili waliokuwa wameinama. Kampuni ya Hocoma ilianzishwa mwaka 1996, na mashine hiyo, iliyopewa jina la Lokomat, ikaanza kuuzwa mwaka 2001. Huko Marekani, Neville Hogan na Hermano Igo Krebs wa taasisi ya MIT walikuwa tayari wametengeneza roboti ya mkono, MIT-Manus.

Kada atatambua hapa jambo tunalolifundisha kila mwaka. Mashine huzaliwa pale kazi ya mikono inapofikia kikomo chake, na ndani ya kila mashine kuna swali la kazi ya nani iliyopunguzwa na faida ya upunguzaji huo imekwenda kwa nani. Roboti ya kutembeza ilizaliwa katika nchi ambazo mshahara wa mtaalamu ni mkubwa na wataalamu watatu kwa mgonjwa mmoja ni gharama isiyovumilika. Bei yake, ambayo hufika mamia ya maelfu ya dola, imepimwa dhidi ya mishahara hiyo. Ikihamishwa kama ilivyo hadi mahali pengine, hesabu hiyo inavunjika hata kabla kreti haijafunguliwa.

KILICHOWEKWA PAMOJA

Sasa tuje kwenye ushirikiano wenyewe. Mashine ilipoenea, kila kliniki iliitumia kwa namna yake. Mmoja aliwapa wagonjwa wake nusu saa, mwingine saa nzima. Mmoja aliwachukua watoto wenye utindio wa ubongo, mwingine wazee wa kiharusi. Kila mmoja alitoa taarifa nzuri kuhusu wagonjwa wake, na hakuna taarifa mbili zilizoweza kulinganishwa. Hali hii si ngeni kwetu: vijiji viwili vikipima mavuno, kimoja kwa debe na kingine kwa gunia, hakuna mkutano utakaoweza kusema kipi kimelima vizuri.

Ndiyo sababu kliniki kadhaa za nchi mbalimbali ziliunda mtandao wa vituo vya tiba ya roboti unaojulikana kwa kifupi kama ARTIC. Taarifa yao ya kuutambulisha, iliyoandikwa na Hubertus van Hedel na wenzake, ilichapishwa mwaka 2018. Wakati huo hazina yao ya takwimu ilikuwa na wagonjwa 595: wenye utindio wa ubongo 208, wa kiharusi 129, walioumia uti wa mgongo 93, waliojeruhiwa kichwa 39, na wengine wa maradhi mbalimbali 126. Msomaji aitazame tarakimu ya 39. Hata baada ya kliniki kuunganisha kumbukumbu zao, waliojeruhiwa kichwa walikuwa 39 tu. Kliniki moja peke yake ingekuwa na wangapi? Watatu? Watano? Hakuna elimu inayojengwa juu ya watu watatu. Umoja hapa ni sharti la kujua, na wala si suala la hisani wala la hotuba za mikutano.

Lakini ni nini hasa walichokiweka pamoja? Kila kliniki ilikuwa na mashine yake na wataalamu wake. Kilichowekwa pamoja ni kipimo. Walikubaliana kwamba kila mgonjwa apimwe mwendo wa mita 10 kwa sekunde, na kwamba awekewe malengo yake mwenyewe na kupimwa kama ameyafikia. Njia hii ya pili inastahili kuelezwa, maana ni ya busara nasi tumeipenda. Ilibuniwa Marekani na Kiresuk na Sherman mwaka 1968 kwa ajili ya huduma za afya ya akili. Kabla ya tiba kuanza, mgonjwa na mtaalamu hukaa na kukubaliana lengo la maana kwa mgonjwa, kwa mfano kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushikwa. Akilifikia kama ilivyotarajiwa hupewa sifuri. Akilipita hupewa moja au mbili za kuongeza. Akipungukiwa, moja au mbili za kutoa. Kwa njia hiyo mtoto anayetaka kusimama kwa dakika moja na fundi anayetaka kurudi kwenye cherehani wanaweza kuingia katika hesabu moja bila kulazimishwa kuwa sawa.

Kipimo cha tatu kilitoka kwenye mashine yenyewe, ambayo ilirekodi kila kipindi cha mazoezi bila kuandikwa na mtu. Hapa yafaa tuwe waangalifu. Mashine inajua kasi ya mkanda wake na dakika zilizotumika. Haijui kama mgonjwa anaweza kuvuka ua wa nyumba yake. Aidha, kliniki zote hizo zilitumia mashine ya kampuni moja. Hatusemi kuwa jambo hilo limeziharibu takwimu. Tunasema kuwa kipimo kinachotoka ndani ya bidhaa hakitoshi kuihukumu bidhaa, na wenzetu hao walifanya vyema kuweka kando yake saa na mita 10 za sakafu.

Tuutaje pia upungufu wa kazi ile, ambao waandishi wenyewe hawakuuficha: mtandao huo ulifuata tiba kama inavyotolewa kila siku, bila kundi la kulinganisha. Wagonjwa wengi walitimiza malengo yao, na ukali wa mazoezi uliongezeka toka kipindi cha kwanza hadi cha mwisho. Hata hivyo mtu aliyepatwa na kiharusi hupata nafuu kiasi fulani katika miezi ya mwanzo hata asipoguswa na mashine yoyote. Takwimu za namna hiyo peke yake haziwezi kutuambia nafuu ipi ni ya roboti na ipi ni ya mwili.

Kabla ya ARTIC upo mtandao mwingine wa Ulaya wa vituo vinavyowatibu walioumia uti wa mgongo, unaoitwa EMSCI, ulioanza mwaka 2001 chini ya uongozi wa hospitali ileile ya Balgrist. Huo ulikwenda hatua moja mbele katika nidhamu ya muda: mgonjwa hupimwa ndani ya siku 15 za kwanza baada ya kuumia, kisha karibu na mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kila kituo kwa njia ileile. Kumbukumbu zake zimewezesha kueleza mapema ni mgonjwa wa aina gani ana nafasi ya kutembea tena.

KLINIKI ZILIPOPIMA KWA PAMOJA

Mtu anaweza kudhani kwamba kliniki zikiungana kupima, matokeo yatakuwa ya kuisifu mashine. Haikuwa hivyo.

Mwaka 2009 Joseph Hidler na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 63 wa kiharusi waliokuwa chini ya miezi sita tangu waugue, wenye uwezo mdogo wa kutembea. Baadhi walifanya mazoezi ndani ya Lokomat, wengine kwa mikono ya wataalamu kama kawaida. Walioshikwa na binadamu ndio waliopata maendeleo makubwa zaidi ya kasi na umbali. Mwaka 2011 Pamela Duncan na wenzake wakatoa matokeo ya jaribio kubwa zaidi, lenye wagonjwa 408. Wengine walitembezwa juu ya mkanda wakiwa wamebebwa uzito, kwa msaada wa mikono ya wataalamu, ama mapema katika mwezi wa pili au baadaye katika mwezi wa sita. Kundi la tatu lilitembelewa nyumbani na mtaalamu na kufanya mazoezi ya nguvu na mizani, mazoezi yasiyohitaji vifaa vya ajabu. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya wagonjwa wote walikuwa wamepanda ngazi katika uwezo wa kutembea, na hapakuwa na tofauti ya maana baina ya makundi. Wale wa nyumbani walikuwa wamewekwa kama kundi la kulinganisha tu! Kwa nchi inayopanga bajeti, habari hiyo ina uzito kuliko maonyesho mengi ya vifaa.

Kisha mwaka 2019 Uingereza ikatoa matokeo ya roboti ya mkono. Wagonjwa 770 katika vituo vinne waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: wa kwanza walitumia MIT-Manus, wa pili walipewa mazoezi ya mkono ya kiasi kilekile na wataalamu, yaani dakika 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, wa tatu walipata huduma ya kawaida tu. Waliofikia kiwango cha mafanikio kilichowekwa walikuwa asilimia 44, 50 na 42. Mwanafunzi asikimbilie kusema kwamba mikono imeishinda mashine kwa sita. Tofauti hizo hazikutosha kuondoa uwezekano wa bahati. Kinachosemwa na jaribio hilo ni kwamba roboti, kwa namna ilivyotumiwa, haikuongeza kitu kinachoonekana juu ya huduma ya kawaida, na gharama yake haikulipa.

Jambo la kujifunza ni jinsi ukweli huo ulivyopatikana. Hospitali moja iliyokwisha nunua mashine ina kila sababu ya kuiona inafaa: fedha zimetoka, viongozi wamekuja kuizindua, picha imetoka gazetini. Wagonjwa nao wanaipenda. Ni kliniki nyingi zilizogawanya wagonjwa kwa kura na kupima kwa kipimo kimoja ndizo zilizoweza kusema jambo ambalo hakuna hata moja ingependa kulisema peke yake. Katika suala la kuamka mapema ilitokea hivyohivyo. Vitengo 56 vya kiharusi vya nchi tano, zikiwamo Australia, Malaysia na Uingereza, viliwafuata wagonjwa 2,104 ili kuona kama kuwatoa kitandani mapema zaidi na mara nyingi zaidi ndani ya saa 24 kunasaidia. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kinyume: waliopata hali nzuri baada ya miezi mitatu walikuwa asilimia 46 kati ya walioharakishwa, na asilimia 50 kati ya waliopata huduma ya kawaida. Nia njema ilikuwa inawadhuru baadhi ya wagonjwa, na hakuna wodi moja ambayo ingeweza kuiona tofauti hiyo kwa macho.

Kati ya kazi zote tulizozisoma, iliyotugusa zaidi haikutumia roboti yoyote. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi katika vituo saba vya Marekani na Kanada. Waliketi wakahesabu katika vipindi 312 vya tiba: mgonjwa wa kiharusi anafanya tendo mara ngapi? Mazoezi ya mkono yenye tendo la maana, kama kushika kikombe, yalionekana katika nusu tu ya vipindi vilivyohusu mkono, na yalipofanywa, wastani ulikuwa mara 32. Hatua za kutembea zilikuwa wastani wa 357 kwa kipindi. Lakini majaribio ya wanyama yanayotajwa kila mara kama msingi wa tiba hii yalihitaji mamia ya marudio ya mkono kila siku. Kumbe hata katika nchi tajiri, zenye wataalamu na majengo, zoezi lenyewe lilikuwa dogo kuliko nadharia yake. Hilo lilijulikana kwa sababu mtu alikaa akahesabu.

WENYE MASHINE NA WASIO NA MASHINE

Wako watakaosoma mpaka hapa wakafurahi upesi. Watasema: basi roboti ni ulaghai wa makampuni, tusiishughulikie. Huo ni uvivu wa kufikiri. Jan Mehrholz na wenzake, walipokusanya mwaka 2020 majaribio 62 yenye wagonjwa 2,440 wa kiharusi, walikuta kwamba mashine za kutembeza zikiunganishwa na tiba ya mikono huongeza idadi ya wanaotembea bila kushikwa: kwa kila wagonjwa wanane wanaotibiwa hivyo, mmoja zaidi huokolewa na utegemezi. Wanaofaidika zaidi ni wale ambao hawawezi kutembea kabisa, na walio ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Wale wagonjwa 63 wa mwaka 2009 walikuwa tayari wanajikongoja. Kwa hiyo mashine ina mahali pake: inamfaa aliye mzito kushikwa, mapema, pamoja na mtaalamu. Kumweka ndani yake mtu anayeweza kujikongoja na fimbo ni kupoteza muda wake.

Wapo wengine wenye kosa la upande wa pili. Hao husema: sisi tuna ukoo na jirani, familia itafanya kazi yote bure. Wazo hilo pia lilipimwa. Hospitali 14 za India, zikishirikiana na watafiti wa Australia na Uingereza, ziliwafundisha ndugu wa wagonjwa kuendesha mazoezi nyumbani. Walihusika wagonjwa 1,250, na matokeo yakatoka mwaka 2017. Baada ya miezi sita, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika kundi la familia zilizofundishwa, na asilimia 47 katika kundi la kawaida. Tunasema haya kwa sababu katika semina zetu wazo la kuitwisha familia kazi ya Serikali hupokewa kwa makofi. Mama aliyekwisha beba maji, shamba na watoto akiongezewa mgonjwa na karatasi ya maelekezo, hajasaidiwa. Na takwimu hizo zinaonyesha kwamba mgonjwa naye hakusaidiwa.

Tukumbuke pia vifaa rahisi. Katika jaribio la vituo saba vya Marekani lililochapishwa mwaka 2006, wagonjwa 222 waliopata kiharusi miezi mitatu hadi tisa nyuma waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilivishwa kinga kwenye mkono mzima kwa wiki mbili, karibu saa zote za kuwa macho, ili walazimike kutumia ule dhaifu, huku wakifanya mazoezi makali na wataalamu. Mkono dhaifu ulipata uwezo kuliko wa wale waliopata huduma ya kawaida, na faida ikadumu mwaka mzima. Kinga yenyewe fundi yeyote wa kushona anaiweza. Gharama iko katika saa za mtaalamu.

Kwa nchi kama yetu suala la kifaa lina upande mwingine. Mwaka 2011 Perry na Malkin walichapisha hesabu ya vifaa vya tiba 112,040 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, wakakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Sababu walizozitaja ni mafunzo, usimamizi na miundombinu. Roboti yenye injini nne, programu yake na vipuri vya mtengenezaji mmoja haitakuwa salama zaidi kuliko mashine ya eksirei. Anayepokea kifaa cha msaada bila mkataba wa fundi na vipuri amepokea mzigo wa kuulindia mlango. Huko Botswana watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakiongozwa na Michelle Johnson, wamekwenda kwa njia nyingine, wakifanya kazi na wenzao wa Gaborone juu ya roboti za bei nafuu ambazo mtaalamu mmoja anaweza kuzisimamia huku akiwahudumia wagonjwa zaidi ya mmoja. Hapo mashine imepimwa dhidi ya uhaba halisi wa mahali ilipo.

Na je, sisi tuna nini cha kuweka mezani? Tunacho. Toka mwaka 2003 hadi 2006 watafiti wa Tanzania na Uingereza walifuatilia wakazi wa wilaya ya Hai na wa sehemu ya Dar es Salaam, nyumba kwa nyumba, wakawaandika hata waliofariki bila kufika hospitali. Walipata visa 636 vya kiharusi, 453 Hai na 183 Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, kiwango cha Hai kilikuwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Cha Dar es Salaam kilikuwa 315.9, ambacho ni miongoni mwa viwango vikubwa vilivyowahi kuandikwa duniani. Dunia haikuwa na elimu hiyo. Ilipatikana kwa madaftari, miguu na maswali yaliyoulizwa kwa Kiswahili. Huko Moshi nako, chuo cha TATCOT kilichoko KCMC kimefundisha tangu mwaka 1981 mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia mwendo, kwa ajili ya Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika. Kilianza kwa ushirikiano na Ujerumani. Kilichobaki nchini ni ufundi, nao umepita mikononi mwa wanafunzi miaka zaidi ya 40.

Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha utengamao ndani ya mifumo ya afya. Kada atakayeulizwa wilayani kwake azimio hilo linaanzia wapi aanze na kitabu cha kumbukumbu cha chumba cha mazoezi. Kipimo cha mita 10 kinahitaji utepe, chokaa na saa yenye mshale wa sekunde. Sakafu au uwanja uwe tambarare, wenye urefu wa mita 14, ili mgonjwa apate mita mbili za kushika mwendo kabla ya mstari na mbili za kusimama baada yake. Iandikwe kama ametumia fimbo au ameshikwa. Kipimo kirudiwe baada ya wiki zilezile kwa kila mgonjwa, na marudio ya zoezi katika kila kipindi yahesabiwe. Kwa mgonjwa wa kiharusi, tarehe aliyougua iandikwe kando ya tarehe ya kipimo cha kwanza, kwa sababu bila tarehe hizo mbili daftari hilo haliwezi kuwekwa pamoja na la kliniki nyingine yoyote, iwe ya Moshi au ya Zürich.